Wavu wa Vimo vya Likasi

Mji wa Likasi uko katika jimbo la Haut-Katanga, katika njia ya kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi. Zamani uliitwa Jadotville. Tangu mwaka 1966 unaitwa Likasi. Umejengwa katika nchi ya vilima na mabonde, zaidi ya meta 1,200 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa masika maji hushuka kwa nguvu kutoka vilimani. Huchimba makorongo njiani, hubeba udongo wa mashamba, na mara nyingine huingia hata katika nyumba za watu.

Kwa sababu hiyo ni lazima kujua vimo vya nchi. Anayetaka kujenga tangi la maji hutafuta mahali palipo juu kuliko nyumba. Anayechimba mfereji hutafuta upande unaoteremka. Na wenye kuangalia maji machafu ya migodi na viwanda hutaka kujua: maji haya yakimwagika, yatakwenda bonde gani?

Hapo zamani kazi ya kutafuta vimo ilifanywa kwa miguu tu. Wapimaji walipanda vilima pamoja na vyombo vyao, wakatazama, wakaandika. Hata leo wapimaji hao ni wa lazima. Lakini sasa mtu aweza kuanza kazi akiwa ameketi mbele ya kompyuta, maana vimo vya sehemu kubwa ya dunia vimekwisha kupimwa kutoka juu.

1. Macho mawili angani

Tarehe 11 Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kiliondoka Florida. Ndani yake walikuwamo watu sita. Kiliizunguka dunia siku 11, kikipima nchi kwa rada.

Rada moja ilikuwa katika chombo chenyewe. Nyingine ilifungwa kwenye ncha ya mlingoti wenye urefu wa meta 60. Rada ya chomboni ilipeleka mawimbi chini. Mawimbi yalipogonga ardhi yalirudi juu, yakapokelewa mahali pawili. Mtu mwenye macho mawili hujua ni kitu gani kilicho karibu na ni kipi kilicho mbali. Vivyo hivyo rada mbili zilijua ni mahali gani palipoinuka na ni wapi palipo bonde.

Kazi hiyo huitwa SRTM. Ilipima nchi kavu kutoka digrii 60 za kaskazini hadi digrii 56 za kusini. Katanga yote imo. Mwaka 2014 Wamarekani walianza kuwapa watu wote vimo vilivyopimwa karibukaribu zaidi, na Afrika ilitangulia kupewa.

2. Barua zisizo na anwani

Vimo hivyo vimewekwa katika faili. Kila faili ni ya mraba mmoja wa nchi, wenye upande wa digrii moja. Mraba wa Likasi huitwa S11E026.

Ukifungua faili hiyo hutaona picha. Hutaona jina la mto wala jina la mji. Utakuta namba tupu, moja baada ya nyingine. Katika faili moja ya namna hiyo ziko namba 1,442,401. Kila namba ni kimo cha mahali fulani, kwa meta. Lakini ni mahali gani? Namba yenyewe haisemi.

Namba hizo ni kama barua nyingi zisizo na anwani, zilizopangwa kwa utaratibu wa nyumba za barabarani. Anayejua nyumba ya kwanza ni ipi, na upande gani wa kwenda, ataifikisha kila barua kwa mwenyewe. Asiyejua atampa huyu barua ya yule. Barua zote ni nzuri, wala hakuna iliyopotea, lakini hakuna mtu atakayepata yake.

Basi msomaji wa vimo hana budi kutengeneza anwani kwa mkono wake. Hutengeneza mistari miwili ya vipimo, iitwayo mihimili. Mhimili wa kwanza ni wa longitudo, unaokwenda kutoka magharibi kuelekea mashariki. Wa pili ni wa latitudo, unaokwenda kutoka kaskazini kuelekea kusini. Mihimili ikiwa sawa, kila kimo hukaa mahali pake. Mihimili ikiwa na kosa, nchi yote huhama.

3. Mafundo na matundu

Mashariki ya Likasi liko ziwa la Tshangalele. Lilitokea mto Lufira ulipozuiwa na ukuta wa Mwadingusha, karibu na mwaka 1930. Wavuvi wa ziwa hilo wanajua vizuri kwamba wavu una mafundo na matundu.

Hesabu mafundo 11 katika mstari mmoja wa wavu. Kati yake mna matundu mangapi? Mtoto mwenye haraka hujibu, "Kumi na moja." Lakini mwenye kutazama vizuri huona kwamba ni 10. Matundu hupungua moja kuliko mafundo siku zote.

Sasa fikiri juu ya wavu mkubwa sana uliotandikwa juu ya nchi ya Likasi. Kila penye fundo kimo kimepimwa. Wavu huo una mafundo 1,201 kwa upande mmoja na 1,201 kwa upande wa pili. Zidisha, utapata 1,442,401. Ndizo namba zote za faili.

Tundu moja la wavu huo ni pana kadiri gani? Digrii moja hugawanywa katika dakika 60, na dakika moja katika sekunde 60. Dakika hizi na sekunde hizi si za saa. Ni vipimo vya mviringo wa dunia. Basi digrii moja ina sekunde 3,600. Matundu ni 1,200. Gawanya 3,600 kwa 1,200, utapata 3. Kila hatua ni sekunde 3, ambazo huko Likasi ni karibu meta 92 kwenda kusini na karibu meta 91 kwenda mashariki.

Iko pia faili nyingine yenye hatua ya sekunde 1. Hiyo ina mafundo 3,601 kila upande. Sheria ni ile ile.

4. Kuutafuta mji

Kabla ya kuanza, msomaji hujiuliza maswali manne.

La kwanza: fundo la kwanza liko wapi? Jina S11E026 hutaja pembe ya kusini-magharibi ya mraba, yaani digrii 11 za kusini na digrii 26 za mashariki. Lakini namba ya kwanza katika faili haiko katika pembe hiyo. Iko katika pembe ya kaskazini-magharibi, kwenye digrii 10 za kusini.

La pili: namba zinakwenda upande gani? Huenda kama maandiko ya kitabu. Mstari wa kwanza huanza magharibi, hufika mashariki, kisha mstari wa pili huanza tena magharibi, chini ya ule wa kwanza. Mstari wa mwisho uko kusini.

La tatu: hatua ni ngapi? Ni sekunde 3, kwa kuwa digrii moja imegawanywa kwa matundu 1,200, si kwa mafundo 1,201.

La nne: namba iko kwenye fundo, au iko katikati ya tundu? Katika wavu huu iko kwenye fundo.

Sasa utafutwe mji. Likasi uko karibu na digrii 10 na dakika 59 za kusini, na digrii 26 na dakika 44 za mashariki. Katika kila dakika mna hatua 20, kwa sababu sekunde 60 ukizigawanya kwa 3 unapata 20. Kutoka digrii 10 kwenda kusini ni dakika 59: zidisha kwa 20, ni hatua 1,180. Kutoka digrii 26 kwenda mashariki ni dakika 44: zidisha kwa 20, ni hatua 880. Basi anza kwenye fundo la kwanza, shuka hatua 1,180, kisha nenda mashariki hatua 880. Hapo umefika Likasi.

Angalia tena. Hatua 1,180 hufikisha mtu katika mstari wa 1,181, kwa maana mstari wa kwanza ni pale aliposimama kabla ya kupiga hatua yo yote. Kompyuta nyingi huuita mstari wa kwanza "sifuri", na hapo mstari na hatua hulingana. Nyingine huuita "moja". Msomaji lazima ajue programu yake ina desturi gani.

5. Makosa yanayohamisha mji

Kosa la kwanza ni kuchukua faili isiyo ya mahali. Mtu asomaye "digrii 10 na dakika 59 za kusini" huenda akatafuta S10E026. Amekosa. Faili hiyo ni ya nchi iliyo kati ya digrii 9 na digrii 10. Kusini ya Ikweta namba za latitudo huongezeka kwa kwenda chini, na jina la faili hutaja ukingo wa chini. Kwa hiyo Likasi imo katika S11.

Kosa la pili ni kugeuza wavu juu chini. Mtu hufikiri kwamba mstari wa kwanza uko kusini, kwa sababu jina la faili limetaja kusini. Kutoka ukingo wa kusini hadi Likasi ni dakika 1 tu, ndizo hatua 20. Yeye huhesabu hatua 20 kutoka mstari wa kwanza, naye anajidhani yuko Likasi. Kumbe yuko digrii 10 na dakika 1, karibu kilometa 107 kaskazini ya mji! Kosa hili ni kubwa, lakini halina hila. Mabonde hayafanani, mito haionekani mahali pake, na mtu hushtuka upesi.

Kosa la tatu ni dogo, na kwa sababu hiyo ni baya zaidi. Ni kuhesabu mafundo badala ya matundu. Mtu huona namba 1,201 katika mstari, akagawanya digrii moja kwa 1,201. Hatua yake imepungua kidogo sana. Katika hatua ya kwanza hakuna awezaye kuona. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Akifika Likasi, baada ya hatua 1,180 za kusini na 880 za mashariki, ameweka kila kitu karibu meta 90 kaskazini na karibu meta 67 magharibi ya mahali pake. Picha inapendeza. Vilima vinaonekana kama vilima, mabonde kama mabonde. Lakini kila kilima kimehama.

Kosa la nne ni kuchanganya fundo na tundu. Wako wenye kutengeneza vimo ambao huweka namba katikati ya tundu. Katika ramani ya dunia nzima iitwayo ETOPO1, iliyotolewa na Marekani, ziko nyavu za namna mbili. Moja ina namba 21,601 kwa 10,801: hiyo ni ya mafundo. Nyingine ina namba 21,600 kwa 10,800: hiyo ni ya matundu. Namba moja tu yatosha kuonyesha tofauti. Anayesoma ya mafundo kana kwamba ni ya matundu hukosa kwa nusu ya hatua. Katika faili ya Likasi nusu ya hatua ni karibu meta 46.

Kwa sababu hiyo hiyo mtu asishangae akiona programu fulani, kama GDAL, ikiandika kwamba faili S11E026 inaanza kwenye longitudo 25.99958 badala ya 26. Programu haikukosa. Imechora kisanduku kuzunguka kila fundo, nayo inataja ukingo wa kisanduku cha kwanza, ulio nusu ya hatua nje ya fundo. Fundo lenyewe liko kwenye 26 kamili. Lakini anayechukua 25.99958 na kuiita mahali pa namba ya kwanza amehamisha nchi nusu ya hatua.

6. Mji ulio ukingoni

Likasi una jambo jingine. Uko karibu sana na ukingo wa mraba wake. Dakika 1 ya latitudo haifiki hata kilometa 2. Basi anayetaka ramani ya mji pamoja na pande zake za kusini lazima aunge faili mbili: S11E026, na S12E026 iliyo chini yake.

Nyavu hizo mbili hukutana kwenye mafundo. Mstari wa mwisho wa faili ya juu na mstari wa kwanza wa faili ya chini ni mstari mmoja, ulio kwenye digrii 11 za kusini. Umeandikwa mara mbili. Anayeunga lazima auache mmoja. Akiiweka yote miwili, nchi yote iliyo chini ya ukingo husukumwa hatua moja kusini, na mito hukatika penye kiungo.

7. Kwa nini meta 90 ni kitu

Labda mtu atasema, "Meta 90 ni nini katika nchi kubwa kama Katanga?" Katika nchi tambarare si kitu sana. Lakini Likasi si tambarare. Chukua mteremko unaoshuka meta 1 kwa kila meta 10. Ukihama meta 90 katika mteremko huo, kimo hubadilika meta 9. Ramani itasema kwamba tangi limesimama juu ya nyumba, na kumbe nyumba ndizo zilizo juu ya tangi. Watu watachimba, watalaza mabomba, watafungua bomba, na maji hayatafika. Maji hayasomi ramani; hufuata ardhi ilivyo.

Vivyo hivyo kwa mfereji wa mvua na kwa maji machafu. Mstari wa mgongo wa kilima ukihama, maji yanayoteremka upande huu huonekana kana kwamba yanateremka upande ule. Kijiji kilicho hatarini hakitaonywa, na kijiji kisicho na hatari kitaambiwa kihame.

Ni kweli, hata rada yenyewe haikupima bila kosa. Kimo cha SRTM chaweza kupotea meta kadhaa, na penye msitu rada hupima karibu na vilele vya miti. Penye namba -32768 rada haikupata kitu. Hicho si kimo, ni alama ya mahali pasipopimika. Ndiyo maana mpimaji huenda kwa miguu kabla ya kujenga. Lakini makosa ya rada si sababu ya kuyaongezea mengine. Kosa la rada msomaji hawezi kuliondoa. Kosa la kuhesabu aweza kuliondoa kwa kalamu na karatasi.

8. Kujaribu kabla ya kuamini

Mwenye busara hujaribu mihimili yake kwa njia tatu.

Kwanza, hutazama ncha ya mwisho. Fundo la mwisho la longitudo katika S11E026 lazima liwe kwenye 27 kamili. Likiwa kwenye 26.99917, amehesabu mafundo badala ya matundu.

Pili, hutafuta maji. Uso wa ziwa ni sawasawa, na katika namba za SRTM zilizosahihishwa maziwa makubwa yamefanywa tambarare. Mahali penye namba zilizo sawa lazima palingane na ukingo wa ziwa katika ramani nyingine. Namba za tambarare zikipanda juu ya nchi kavu, wavu umehama.

Tatu, huenda mahali anapopajua, kama njia panda au kilele cha kilima, na kuangalia latitudo na longitudo kwa simu yenye kupokea ishara za setilaiti. Kisha hulinganisha na ramani yake.

Kazi hiyo yote haichukui hata saa moja. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayeuliza mwanzoni, "Ninahesabu toka wapi, kwenda wapi, kwa hatua gani?" hatajuta mwishoni. Namba zote zaweza kuwa za kweli, na ramani ikawa ya uongo, ikiwa kila namba imewekwa mahali pa jirani yake.

Maswali

1. Kwa nini namba za kimo hazitoshi peke yake kuchora ramani?
2. Bustani ya shule ina ua wenye nguzo 31 katika mstari mmoja. Mna nafasi ngapi kati ya nguzo hizo?
3. Kambove uko karibu na digrii 10 na dakika 52 za kusini, na digrii 26 na dakika 36 za mashariki. Kutoka fundo la kwanza la S11E026 ni hatua ngapi kwenda kusini, na ngapi kwenda mashariki?
4. Kolwezi uko karibu na digrii 10 na dakika 43 za kusini, na digrii 25 na dakika 28 za mashariki. Umo katika faili gani?
5. Kosa la kilometa 107 na kosa la meta 90: lipi huonekana upesi? Lipi laweza kudanganya watu muda mrefu? Eleza sababu.